Usiiulize Simu Jina Lake

Tovuti ya nyumba ndogo ya wageni pale Shangani, Zanzibar, hufunguliwa na watu wasiofanana kabisa. Yupo Mtaliano aliyejilaza ufukweni Nungwi na iPad yake, anatafuta chumba cha siku mbili mjini kabla ya kurudi kwao. Yupo mwenyeji wa Jambiani mwenye Tecno, anapita kwa Opera Mini kwa sababu bando lake ni dogo na anataka limfikishe Ijumaa. Yupo jamaa aliyeko Muscat, anamtafutia shangazi yake pa kulala siku za harusi. Yupo aliyeiona picha ya nyumba hiyo Instagram, akabofya, ukurasa ukafunguka humohumo ndani ya Instagram, wala hajui kwamba hicho nacho ni kivinjari. Na yupo mwenye kitochi chenye mfumo wa KaiOS, kioo cha upana wa nukta 240, hana pa kugusa, ana vitufe tu.

Wewe uliyepewa kazi ya kuitengeneza tovuti hiyo, uwe umesoma chuo kikuu cha SUZA, umepita chuo cha Karume pale Mbweni, au umejifundisha mwenyewe kwa bando la usiku, utashawishika kuanza na swali moja: huyu amekuja na kivinjari gani? Ukishalijibu unaandika masharti. Kama ni Chrome, mpe kalenda nzuri. Kama ni Safari, mpe ile nyingine. Kama ni kitu kisichojulikana, mwambie apakue Chrome kwanza.

Ushauri wangu ni kwamba swali hilo uliache. Uliza kivinjari kinaweza nini, na ukiuliza usiridhike na maneno, kijaribu. Hili si suala la mapenzi ya fundi. Kivinjari kinapojitaja hakisemi kweli, na kimekuwa hivyo tangu mtandao ulipokuwa mchanga, kwa sababu mafundi kama sisi ndio tuliokilazimisha.

Mwaka 1994 Netscape ilitoa kivinjari kilichojitambulisha kwa seva kwa jina la Mozilla. Kilikuwa na uwezo kuliko wenzake, basi wenye tovuti wakaanza kuweka masharti: ukiliona neno Mozilla, toa ukurasa mzuri, usipoliona, toa ule duni. Microsoft ilipoingia sokoni na Internet Explorer haikutaka wateja wake wapewe makombo. Haikwenda kumbembeleza kila mwenye tovuti abadilishe sharti lake. Iliandika tu Mozilla mwanzoni mwa utambulisho wake, na jina lake la kweli ikalificha katikati. Baadaye kivinjari cha Konqueror kikajitangaza kuwa kinafanana na Gecko, injini ya Mozilla. Safari ya Apple ilipotoka mwaka 2003 ikayarithi maneno hayo. Chrome ya 2008 ikajiita Safari ili isinyimwe kilichowekewa Safari, na Edge ya 2015 ikajiita Chrome na Safari kwa pamoja. Leo Chrome iliyomo kwenye simu ya muuza urojo inajitaja kwa mstari mmoja kuwa ni Mozilla, ni AppleWebKit, ni KHTML inayofanana na Gecko, ni Chrome na ni Safari.

Hata namba za matoleo haziaminiki. Opera ilipofika toleo la 10 mwaka 2009 iligundua kwamba tovuti nyingi zinasoma tarakimu moja tu, kwa hiyo zinaidhania ni Opera 1. Ikalazimika kuendelea kujiita 9.80 na kuliweka toleo la kweli pembeni. Usidhani mambo hayo yameisha. Firefox ilipofika toleo la 110 mwaka 2023 ilibidi sehemu moja ya utambulisho wake iachwe kwenye 109, kwa sababu kuna tovuti zilizokuwa zikiona 11 mwanzoni mwa namba zinakata shauri kwamba hii ni Internet Explorer 11. Watu wa Vivaldi walichoka mapema zaidi: mwishoni mwa 2019 walilifuta jina lao wakavaa la Chrome, maana tovuti zilikuwa zikiwafungia watumiaji wao mlango ilhali injini ya ndani ni ileile. Jina lililochorwa ubavuni mwa mashua halikuambii kama inavuja, na hapa hata jina lenyewe si lake.

Turudi kwa wageni wetu tuone masharti ya majina yanavyowaumiza. iPad ya yule Mtaliano, tangu iPadOS 13 ya mwaka 2019, hujitambulisha kama kompyuta ya Macintosh. Sharti lako la simu na tableti halitamgusa; utampa menyu inayofunguka kwa kupitisha mshale wa kipanya juu yake, na yeye ana kidole. Mwenzake anayetumia Chrome kwenye iPhone ana injini ya Safari ndani, maana Apple ndivyo ilivyoamuru kwa miaka mingi, kwa hiyo kasoro ya Safari unayoikwepa kwa kusoma jina atakumbana nayo yeye. Kile kitochi nacho kinajiita Firefox. Hakidanganyi sana: KaiOS 2.5 imejengwa juu ya injini ya Firefox 48, ya mwaka 2016. Sharti lako likisema kila Firefox ni kivinjari cha kisasa, umeipelekea simu ya vitufe mzigo wa kompyuta. Na kama ulitaka kujua mgeni ana Tecno au Samsung ya bei kubwa, sahau. Tangu 2023 Chrome ya Android huziandikia karibu simu zote maneno yaleyale, Android 10, na mahali pa jina la simu herufi moja tu, K.

Sasa njia ya pili. Nitaanza na tarehe, kwa sababu kwenye tovuti ya wageni tarehe ndiyo biashara yenyewe.

HTML ina sehemu ya fomu ya aina ya "date" inayomfungulia mtu kalenda. Firefox iliipata katika toleo la 57, mwishoni mwa 2017. Safari ya kompyuta ilichelewa hadi 14.1, mwaka 2021, ingawa Safari ya iPhone ilikuwa nayo zamani. Jaribu kuyaandika hayo kwa masharti ya majina uone utakavyovurugikiwa. Kipimo cha uwezo ni mistari miwili:

var f = document.createElement('input');
f.setAttribute('type', 'date');

Kisha tazama f.type. Kivinjari kinachoijua aina hiyo kitarudisha "date". Kisichoijua kitarudisha "text", yaani kimeshindwa kwa adabu na kikaweka kisanduku cha kawaida cha kuandikia. Hapo ndipo unapoamua: jibu likiwa "text", weka visanduku vitatu vya kuchagua siku, mwezi na mwaka, na mwezi uandike kwa jina. Usimwachie mgeni kisanduku kitupu. Akiandika 06/01 utajuaje kama ni tarehe 6 Januari au, kwa mtindo wa Wamarekani, tarehe 1 Juni? Januari kaskazi inavuma, vyumba vimejaa na bei iko juu. Juni masika ndiyo kwanza yamekwisha na mwenye nyumba anapunguza bei. Kosa la tarehe hapo ni kosa la pesa, na mgeni hatalaumu kivinjari, atamlaumu mwenye nyumba.

Angalia kwamba kipimo hakikuuliza jina popote. Kitochi, iPad, Instagram na kivinjari kitakachotolewa mwakani vyote vitapita kwenye mlango uleule na kila kimoja kitapata kinachokifaa. Hiyo ndiyo faida kubwa kwa fundi wa huku kwetu, ambaye mara nyingi hulipwa mara moja, tovuti ikizinduliwa, kisha haitazami tena mpaka siku mwenye nyumba atakapopiga simu kulalamika. Orodha ya majina inachakaa kila wiki chache, kila toleo jipya linapotoka.

Kwa muonekano kazi ni nyepesi zaidi, kwa sababu CSS inajipima yenyewe. Mpangilio wa gridi uliingia Firefox, Chrome na Safari takriban wakati mmoja, Machi 2017; Firefox 48 ya kitochi haina. Wewe panga kwanza picha za vyumba zishuke moja chini ya nyingine, mpangilio ambao kila kivinjari duniani kinauweza, kisha ndani ya @supports (display: grid) uziweke tatu tatu. Picha zenyewe zitie kwenye elementi ya picture, WebP au AVIF juu na JPEG chini, kivinjari kitachagua chenyewe kile kinachokijua. Huhitaji JavaScript hata tone. Menyu nayo usiiulizie kama hii ni simu au ni kompyuta. Kuna maswali ya CSS yanayohusu hicho hasa: hover, kama kuna kitu kinachoweza kupita juu bila kubofya, na pointer, kama kinachoonyeshea ni kidole kinene au mshale mwembamba. Laptop zenye kioo cha kugusa zipo tele, ndiyo maana kubahatisha kwa jina la kifaa hakufai.

Kuna mahali kipimo cha kawaida hakifui dafu, nako ni kwenye sarufi ya JavaScript yenyewe. Ukiandika async na await ndani ya faili na kivinjari hakiyajui, hakifiki hata kwenye sharti lako; kinaikataa faili yote kwa kosa la sarufi. Dawa yake ni kugawa faili. Ile ya kisasa iite kwa script ya aina ya "module", na ile nyepesi ya zamani kwa sifa ya nomodule. Kivinjari kikongwe hakiijui "module" kwa hiyo kinairuka. Cha kisasa kinaielewa nomodule kwa hiyo kinaiacha ile nyepesi. Wazo hili la kuvigawa vivinjari makundi mawili kwa uwezo si geni. Mafundi wa BBC News walilieleza hadharani mwaka 2012: walikuwa wakipima vitu vichache tu, kama kivinjari kina querySelector, localStorage na addEventListener. Kilicho navyo kinapewa ukurasa wenye mapambo yote. Kisicho navyo kinapewa habari yenyewe, kamili na inasomeka.

Hata hivyo kuna tahadhari ambayo wanaohubiri kupima uwezo huisahau. Kitu kuwepo si kitu kufanya kazi.

Chukua localStorage, kabati dogo la kivinjari la kuhifadhia vitu. Kwa miaka mingi Safari ikiwa katika hali ya faragha ilikuwa nalo. Ukiuliza lipo, inajibu lipo. Ukijaribu kuweka kitu, inatupa kosa na programu yako inakufa papo hapo. Basi kipimo sahihi ni kuandika neno, kulisoma, kulifuta, yote ndani ya try na catch. Likipita, tumia. Lisipopita, endelea bila kabati.

Mahali alipo mtu ni mfano mzito zaidi, na Mji Mkongwe ndio unaoufundisha vizuri kuliko mji wowote niujuao. Unatengeneza ukurasa wa matembezi: Ngome Kongwe, kanisa la Anglikana palipokuwa soko la watumwa Mkunazini, hamamu la Hamamni. Unauliza kama geolocation ipo ndani ya navigator. Ipo, karibu kila simu. Lakini Chrome tangu toleo la 50 la mwaka 2016 haikupi kitu kama tovuti yako haiko kwenye https. Ukiwa nayo, mtalii anaweza kukataa ruhusa. Akikubali, kuna kuta za mawe za ghorofa mbili tatu kila upande na uchochoro usiozidi mikono miwili, na simu inaiona sehemu ndogo tu ya mbingu. Jibu linalorudi lina namba mbili za mahali na namba ya tatu ambayo watu wengi hawaisomi: accuracy, yaani wigo wa makosa kwa mita. Ikisema 60, elewa kwamba mita 60 kati ya Sokomuhogo na Kajificheni ni vichochoro kadhaa, na kidoti chako cha buluu kinaweza kumweka mtu nyuma ya nyumba isiyo na njia ya kutokea. Weka kiwango chako. Chini ya mita 20, onyesha kidoti. Juu ya hapo, mwonyeshe mtaa mzima na umwandikie maelekezo kama mwenyeji angemwelekeza: ukiuona msikiti, kata kushoto.

Na usiiamini navigator.onLine. Inaposema mtandao haupo, iamini. Inaposema upo, maana yake ni kwamba simu imeunganishwa na kitu fulani, ambacho kinaweza kuwa waifai ya nyumba ya wageni iliyokwisha bando jana usiku. Abiria wa boti ya Dar es Salaam akiwa katikati ya mkondo naye anaweza kuambiwa mtandao upo ilhali ukurasa haufunguki. Njia ya kweli ni kuomba kitu kidogo kutoka kwa seva yako, ukipe sekunde chache, kisipofika ujue hakuna. Kwa uthibitisho wa chumba alichoweka mgeni, pima kama serviceWorker ipo ndani ya navigator, na ikiwepo uhifadhi ukurasa wa uthibitisho mapema, mgeni angali na mtandao wa hoteli. Isipokuwepo, mtumie uthibitisho huohuo kwa barua pepe.

Lipo kosa jingine linalojifanya ni kupima uwezo: kupima kitu kimoja ukahitimisha kingine. Zamani mafundi waliuliza kama document.all ipo; ikiwepo, wakasema hii ni Internet Explorer, basi ina hiki na kile. Matokeo yake ni kituko ambacho mpaka leo kimo kwenye kanuni rasmi za HTML: vivinjari vyote vina document.all, inafanya kazi, lakini ukiuliza aina yake vinajibu haipo. Vimelazimishwa kukana. Ukihitaji kalenda, pima kalenda. Usipime kitu cha jirani yake.

Je, jina halina kazi kabisa? Linayo, kidogo. Kama unampeleka mtu kupakua programu, itabidi ukisie kama umwonyeshe duka la Google au la Apple, na ukikosea hasara ni ndogo mradi viungo vyote viwili vionekane. Kwenye takwimu za wageni jina linakupa picha ya jumla, ingawa Vivaldi na Brave utazihesabu kama Chrome. Na kuna kasoro za kweli, pale toleo fulani la kivinjari lina uwezo, kipimo kinapita, lakini kazi inaharibika kwa namna ambayo script haiwezi kuiona, mfano maandishi yanachorwa mahali pasipo. Hapo taja jina na toleo hilo tu, na uweke mwisho wa sharti. Kosa ni kusema "Safari yote, toleo la 15 na kuendelea". Hujui la mwakani litakuwaje.

Mwenye Opera Mini ana mambo yake. Katika hali ya kubana sana, ukurasa wako haufunguliwi kwenye simu yake. Unafunguliwa kwenye seva za Opera, JavaScript inakimbia huko kwa muda mfupi, kisha simu inapelekewa matokeo yaliyobanwa. Saa yako ya kuhesabu dakika itasimama, na kila kubofya kunakohitaji script ni safari ya kwenda na kurudi kwenye seva. Wengine wanamwona mtu huyu kuwa ni usumbufu. Mimi namwona ni mteja anayejua thamani ya bando. Kwake yeye ukurasa ujengwe kuanzia chini: fomu iwe fomu ya kweli ya HTML inayopeleka majibu kwa seva bila script yoyote, bei ziwe ni maandishi, namba ya simu iwe kiungo cha kupiga, na pawepo kiungo cha WhatsApp, ambako hata hivyo maelewano mengi ya vyumba kisiwani huishia. Vipimo vyote nilivyovitaja vinaongeza juu ya hapo. Kipimo kikishindwa, hakuna kinachoanguka.

Ukifika kwenye majaribio, jihadhari na kile kidirisha cha Chrome kinachokuonyesha ukurasa kama upo kwenye iPhone. Kinabadilisha ukubwa wa kioo na mstari wa jina. Injini inabaki ni Chrome ya kompyuta yako, na uwezo wake wote. Ukikitegemea, umerudi kulekule kwenye jina. Pakua Opera Mini, ni bure, uiweke kwenye hali ya kubana sana. Jitumie kiungo kwenye Instagram ukifungue humohumo ndani. Azima iPhone kuukuu ya ndugu. Kitochi utakipata mtaani kwako. Mwombe mwenyewe akufungulie, na umwache abofye yeye, si wewe.

Kama tovuti tayari ipo na wewe umeirithi kwa fundi mwingine, fungua mafaili yake utafute neno userAgent. Kama imejengwa kwa jQuery ya zamani tafuta pia $.browser, ambayo wenyewe waliiondoa katika toleo la 1.9 mwaka 2013. Kila utakapoliona, jiulize mwandishi alikuwa anataka kujua uwezo gani, weka kipimo cha uwezo huo, ufute jina. Yatakayobaki ni machache. Juu ya kila moja andika ni kasoro ipi, ya toleo lipi, na tarehe uliyoihakiki, ili atakayekuja baada yako ajue lini anaweza kuifuta bila kukupigia simu.